Darasa la yoga ya kicheko: kinachofanya kazi pale ni watu, sio vichekesho

Nianze na wanaosikia yoga ya kicheko wakadhani ni kwenda kukaa kwenye kiti kuangalia mchekeshaji, hapana jamani, hili ni darasa la mazoezi kabisa. Mnakuja na nguo za kulegea na maji ya kunywa, mnasimama duara, mwalimu anawapigisha makofi huku mnaitikia ho ho, ha ha ha, mnavuta pumzi ndefu mikono juu, mnaiachia taratibu, halafu ndo kucheka kunaanza na hakuna kichekesho hata kimoja kinachosimuliwa. Nimehudhuria la ana kwa ana na nimehudhuria pia la video kwenye simu, kwahiyo naongelea yote mawili: la ana kwa ana nalipatia nyota tano, la video tatu, na hizo mbili zilizopungua zina sababu yake.

Sasa mnachekaje bila kichekesho? Huu mtindo aliuanzisha daktari mmoja wa Mumbai, India, anaitwa Madan Kataria, mwaka 1995, akiwa na watu watano tu kwenye bustani. Mwanzo walikuwa wanasimuliana vichekesho kweli, ila baada ya muda mfupi vizuri vikaisha, vikabaki vile vya kuudhi watu, ndo akaamua waache vichekesho wacheke tu kama zoezi. Na hapo ndipo alipopatia, maana ukiangalia maisha ya kawaida watu hawacheki sana kwa sababu ya utani wenyewe. Robert Provine, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza kicheko kwa miaka mingi, aligundua kwamba vicheko vingi vinakuja baada ya maneno ya kawaida kabisa, na kwamba mtu akiwa na wenzake anacheka kama mara 30 zaidi ya akiwa peke yake. Mara 30! Hiyo namba pekee inaeleza kwa nini duara linafanya kazi.

Niwaeleze zoezi moja muone. Linaitwa kicheko cha simba. Unatoa ulimi wote nje, macho umeyakodoa, vidole umevikunja kama makucha, unamgeukia jirani na unacheka kutoka tumboni. Raundi ya kwanza kila mtu analazimisha, sauti kavu, wengine wanaangalia chini. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja wa makamo, tangu tumeanza amekaza uso, ulimi kautoa nusu tu kwa aibu, sasa akakutana macho na kijana wa pembeni yake ambaye kajitoa mzima mzima, mama wa watu akabanwa na kicheko kile cha kukosa pumzi, akainama kashika magoti, machozi yanamtiririka, anajaribu kunyamaza anashindwa, na kuanzia hapo hakuna aliyekuwa anaigiza tena, duara zima mbavu hatuna. Mwalimu mzuri anajua huo wakati ukifika haingilii, anaacha watu wacheke mpaka wenyewe wapoe.

Kicheko kikishapoa, mwilini unasikia tofauti. Mabega yamelegea, tumbo linauma kwa utamu kama umefanya mazoezi ya tumbo (na umefanya kweli, maana misuli ya tumbo na ya mbavu inasukuma hewa nje kwa nguvu, ndo maana baada yake unavuta pumzi ndefu kuliko kawaida), kichwa chepesi. Na sio hisia tu. Kundi la mtafiti Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, lilitoa utafiti mwaka 2011, waliwapima watu uvumilivu wa maumivu kabla na baada ya kucheka, wengine walivishwa mkononi kitu cha baridi kali, wengine wakabanwa na mkanda kama ule wa kupimia presha, na waliocheka wakavumilia zaidi. Mwaka 2017 huko Turku, Ufini, wakaangalia ubongo wenyewe kwa mashine, wakaona kucheka na marafiki kunaufanya ubongo umwage endofini, zile kemikali za mwili za kutuliza maumivu. Mishipa ya damu nayo, Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, mwaka 2005 walionyesha watu filamu za kuchekesha na za kutia stresi, kwenye kicheko mtiririko wa damu ukaongezeka kwa wastani wa asilimia 22, kwenye stresi ukapungua kwa 35. Walikuwa watu 20 tu na wazima wa afya, kwahiyo usiende kuacha vidonge vya presha kwa ajili ya hiyo.

Nimelisema hilo makusudi, kwa sababu mwalimu wa lile la video alituambia kucheka kunapunguza uzito haraka na wenye dawa za kila siku wataziacha wenyewe. Hapo sikubaliani naye kabisa na nilimwambia. Waliopima wanasema dakika 10 hadi 15 za kucheka zinachoma kalori kama 10 hadi 40, ni kidogo sana, na wa kukuachisha au kukupunguzia dawa ni daktari aliyekuandikia. Kicheko kinastahili kusifiwa kwa kile kinachokifanya kweli, hakihitaji kuongezewa chumvi.

Pia mwalimu anatakiwa awaulize afya zenu kabla hamjaanza. Wa ana kwa ana alituuliza mmoja mmoja pembeni, kwa heshima. Mwenye ngiri, aliyefanyiwa operesheni ya tumbo karibuni, mwenye bawasiri kali, kifafa, presha isiyotulia au maumivu ya kifua, huyo amuone daktari kwanza. Wenye pumu waje na dawa yao ya kuvuta, maana kicheko kikubwa kinaweza kuamsha kikohozi. Na mkojo kutoroka ukicheka ni jambo la kawaida kwa wengi hasa akina mama waliozaa, mwambie tu mwalimu akupe mazoezi mepesi, usione haya.

Mwisho wa darasa mnalala chini, macho mmefumba, mnapumua taratibu. Hicho kipande kisikatwe, ndicho kinachomfaa mtu anayelala na mawazo, na la video walikikata kwa sababu muda uliisha.

Shida kubwa ya video lakini ni sauti. Programu inachukua sauti ya mtu mmoja, wengine inawahesabu kelele inawazima, kwahiyo mnacheka wengi unamsikia mmoja, tena kachelewa, na kicheko kikishachelewa hakiambukizi. Kama huna namna ila video basi ingia kwenye mipangilio uzime kile kipengele cha kupunguza kelele, weka sura zote zionekane kwa pamoja, simu isimamishe mbali kidogo ili usimame uonekane mwili mzima, na kama kuna mtu yeyote hapo nyumbani mvute mcheke naye, hata asipokuwa amejiandikisha.