Nakala za "Lady Macbeth Akinyakua Majambia" ya Fuseli: ipi ununue, ipi uiache dukani

Michoro ya zamani inayouzwa kama nakala za kutundika ukutani haifanani kwa ugumu wa kuchapwa, na huu ni miongoni mwa migumu kabisa. Henry Fuseli, mzaliwa wa Zurich aliyefanya maisha yake London, aliuonyesha Royal Academy, chuo cha sanaa cha London, mwaka 1812. Ni rangi ya mafuta juu ya turubai, upana sentimita 127, kimo sentimita 101.6, na tangu 1965 ni mali ya jumba la sanaa la Tate jijini London. Karibu wote ni giza: hudhurungi, kijivu chenye usamawati, weupe wa watu wawili, na wekundu kidogo wa damu. Nakala nyingi zinaharibikia hapo hapo kwenye giza. Mnunuzi anapokea kitu cheusi tii chenye mizimu miwili, anadhani ndivyo mchoro ulivyo, kumbe mchapaji ndiye aliyeua nusu yake.

Ili uipime nakala, lazima ujue mchoro unasimulia nini. Ni sehemu ya pili onyesho la pili la tamthilia ya Shakespeare, ile ambayo wasomaji wa Kiswahili wanayo tangu 1968 katika tafsiri ya S. S. Mushi, Makbeth. Macbeth ametoka kumuua Mfalme Duncan usingizini. Amechanganyikiwa kiasi kwamba ametoka na majambia mkononi, wakati yalipaswa kubaki kando ya walinzi wa mfalme ili wao ndio washukiwe. Mkewe anamwambia ayarudishe. Anakataa, hathubutu kukitazama tena alichokifanya. Basi mke anayachukua mwenyewe. Fuseli aliwahi kuwaona David Garrick na Hannah Pritchard wakiigiza tamthilia hii London miaka ya 1760, na akawachora kwa rangi za maji wakiwa na mavazi ya jukwaani ya wakati wao. Zaidi ya miaka 40 baadaye akairudia kwa mafuta, akaondoa mapambo yote na kubakiza miili miwili na hofu.

Kwa hiyo nakala nzuri inajulikana kwa sehemu chache. Tazama kwanza kidole cha Lady Macbeth mdomoni: anamnyamazisha mumewe huku akimwendea mbio, na kidole hicho lazima kitengane na uso. Kikimezwa na weupe wa uso, onyesho limekufa. Kisha tazama majambia: wekundu wake uwe wa damu, usiwe wa chungwa wala wa waridi. Halafu miguu na kiwiliwili cha Macbeth, upande wa kushoto. Fuseli hakumkamilisha kama mtu mwenye nyama. Amempaka kwa wepesi, mistari ya misuli inaonekana kana kwamba ngozi haipo, na giza la nyuma linapenya. Mwisho, giza lenyewe nyuma yao. Lina tabaka, na ukisogea karibu unapaswa kuona kwamba Macbeth anatoka mahali fulani ndani yake. Nakala ikionyesha ukuta mmoja mweusi, irudishe.

Kinachoharibu mara nyingi ni faili. Kwa nakala ya sentimita 50 kwa 40 unahitaji picha ya pikseli takriban 5,900 kwa 4,700 ili upate nukta 300 kwa inchi; 3,900 kwa 3,150, yaani nukta 200, bado inafaa ikitazamwa kutoka mita moja na nusu. Picha ya pikseli 1,500 iliyopakuliwa mtandaoni inakupa nukta 76 tu kwa inchi, na kidole kile kinageuka vijiwe. Faili ya JPEG iliyobanwa sana ina ubaya mwingine ambao kwenye simu huuoni: giza linagawanyika kuwa mikanda mikanda badala ya kufifia taratibu. Omba TIFF, aina ya faili isiyopoteza ubora, au JPEG ya ubora wa juu kabisa, na umwambie mchapaji azime marekebisho ya kujiendesha ya mwangaza. Programu ikikutana na mchoro wa giza hivi hudhani ni picha iliyopigwa vibaya, hivyo huungarisha, na usiku wa mauaji unakuwa moshi wa kijivu. Kabla ya kulipia nakala nzima, omba kipande cha majaribio cha upana wa sentimita 10 kinachopita kwenye miguu ya Macbeth na giza la pembeni yake. Kitazame chini ya taa ya nyumbani. Usikilinganishe na simu iliyowashwa mwanga wote, maana skrini inatoa mwanga na karatasi haitoi.

Kuhusu vipimo mchoro huu una bahati. Uwiano wake ni 5 kwa 4 kamili, kwa hiyo fremu za kawaida za sentimita 50 kwa 40, au inchi 20 kwa 16, zinaupokea bila kukata chochote. Karatasi ya A3 haiupokei. Ukiujaza upana wote wa sentimita 42, kimo kinachohitajika ni 33.6, na A3 ina 29.7 tu, karibu sentimita 4 zinakatwa juu na chini. Kama A3 ndiyo pekee iliyopo, sisitiza mchoro uwe na upana wa sentimita 37 na pembeni zibaki nyeupe.

Karatasi gani? Wauzaji hupenda kusifia ile isiyong'aa kabisa, yenye pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba. Ni nzuri kwa michoro ya mwanga, ila weusi wake haufiki mbali. Hapa giza linakuwa la mkaa na tabaka zinakaribiana. Karatasi yenye mng'ao wa kiasi inashinda kwa mchoro huu, ikichapwa kwa wino wa pigmenti, yaani wenye chembe ngumu za rangi. Turubai tunaiweka nafasi ya pili. Nyuzi zake huvunja mistari myembamba ya misuli, na ikikunjwa kwenye mbao za pembeni hula picha yenyewe, sentimita 2 hadi 4 kila upande, katika mchoro ambao watu wake wametandaa upana wote. Ukiichagua, agiza kingo nyeusi zisizo na picha.

Nakala za kuchorwa kwa mkono hazistahili bei yake hapa. Wanaonakili humaliza kile ambacho Fuseli alikiacha wazi: wanampa Macbeth ngozi, wanalainisha nyuso, wanapanga mikunjo ya gauni. Waliomjua Fuseli waliandika kwamba alichukua rangi kavu ya unga na kuikoroga kwa brashi yenye mafuta au tapentaini papo hapo kwenye ubao wake. Mkono wa namna hiyo hauigiki kwa usafi.

Fremu nayo ina masharti. Kioo cha kawaida juu ya mchoro mweusi kinakuwa kioo cha kujitazamia. Unaona dirisha na uso wako kuliko Lady Macbeth. Lipia kioo kisichorudisha mwanga, au tundika kwenye ukuta usiotazamana na dirisha, na taa yenye mwanga wa njano wa kelvini 2,700 hadi 3,000 (kipimo cha rangi ya mwanga) ikimulika kutoka juu kwa pembe ya nyuzi 30 hivi. Dar es Salaam, Mombasa, Unguja na kote pwani kuna unyevu, kwa hiyo karatasi isigusane na kioo: weka kadi yenye dirisha katikati, isiyo na asidi, la sivyo karatasi itajikunja mawimbi na hatimaye kugandia kioo. Ubao wa nyuma usiwe wa unga wa mbao, maana unafyonza maji na kuvimba. Bandika vipande viwili vya mpira kwenye pembe za chini ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta; bila hivyo ukungu huanzia nyuma, na ukiuona mbele umechelewa.

Kwa darasa la tamthilia au ukumbi wa mazoezi, chukua sentimita 100 kwa 80. Faili ile ile ya pikseli 5,900 inatosha kwa nukta 150 kwa inchi, na kutoka mita mbili mwanafunzi wa safu ya mbele ataona kidole mdomoni na damu kwenye ncha kwa pamoja.