Dar hadi Mbeya kwa basi la mchana: siti imenichosha, barabara ningeirudia kesho

Mwezi uliopita nilipanda basi la saa 12 alfajiri kutoka Stendi ya Magufuli, Mbezi, kwenda Mbeya. Jina la kampuni naliacha. Tiketi niliuziwa kwa bei ya luksari, lakini siti iligoma kulala, tundu la kuchajia simu lilikuwa pambo, na kiyoyozi kilikata roho kabla hatujafika Chalinze. Kumuuliza konda, kanijibu, "Fungua dirisha, bosi." Dirisha lenyewe halifunguki.

Pamoja na hayo, nasisitiza: safari hii fanya mchana. Mabasi ya usiku yapo na wanaoyasifu ni wengi, ila kupita TANZAM, barabara kuu ya Tanzania na Zambia, gizani ni kulipa nauli ukalale.

Marehemu baba alikuwa tandiboi wa malori njia hii kabla ya lami. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), chini ya Ian Smith, walijitangazia uhuru, na Zambia ikabanwa upande wa kusini, mafuta yake yakakosa pa kupita. Basi yakawa yanapakiwa Dar kwenye mapipa na kupandishwa kwa malori, juu ya udongo mtupu. Masika yakishika, watu wanalala porini siku kadhaa wakichimbua magurudumu. Njia ikabandikwa jina la Jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA, la kutoka Dar hadi Zambia, likakamilika 1968, lami ikafuata, sehemu yake kwa fedha za Marekani, na kuanzia 1970 Wachina nao wakawa wanatandika reli ya TAZARA. Baba alipenda kusema Mmarekani na Mchina hawapatani, lakini Makambako wanakutana. Kweli, ndipo reli inapokuja kuungana na barabara.

Morogoro hakuna la kusimulia zaidi ya kuchimba dawa. Mikumi dereva alipunguza mwendo, maana lami inakatisha katikati ya hifadhi kilomita 50 hivi, na kuna vibao vya faini kwa atakayegonga mnyama. Twiga watatu walisimama karibu kabisa na barabara, wala hawakutujali.

Halafu Kitonga. Ukishapita mibuyu na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, basi linaanza kupanda kona kwa kona, mlima upande mmoja, korongo upande wa pili. Tulikuta matawi mabichi yametupwa barabarani, na kona iliyofuata semitrela limekufa, tandiboi anasukumia jiwe chini ya tairi. Tukasubiri dakika 40. Abiria wa mbele akaanza kusali kwa sauti, dereva akamwomba asali kimoyomoyo.

Ilula ni nyanya tu. Mama mmoja aliinua ndoo mpaka usawa wa dirisha langu, dirisha lile lile, tukapatana bei kwa vidole. Konda akapokea elfu kumi yangu mlangoni, akaniletea nyanya.

Iringa tuliiona kwa juu mlimani, sisi tukapita chini Ipogolo. Mafinga baridi ikaanza kuingia, na pale kiyoyozi kibovu kikawa na faida. Uyole tumefika saa 3 usiku, zaidi ya kilomita 800, magoti yamekufa ganzi.

Mkipanda, ombeni siti za mbele na mbebe maji. Chenji yangu ya nyanya bado iko kwa konda.