Chama cha wakazi wa mtaa wetu Nyali: miaka 11 ya kulipa ada

Ndugu zangu wawili wanatafuta nyumba Nyali, Mombasa, na kila mmoja kwa wakati wake ameniuliza swali lile lile: hiyo ada ya mtaa mnayolipa, mnapata nini? Nimeilipa kwa miaka 11. Nitajibu kwa kirefu, na yeyote anayefikiria kununua au kupanga ndani ya mtaa wenye geti asome pia.

Mtaa wetu una nyumba 48 za ghorofa moja, lango kubwa, lango dogo la waendao kwa miguu, na mbuyu mmoja ambao njia imepinda kuukwepa. Nilipohamia mwaka 2014 ada ilikuwa shilingi 2,500 kwa mwezi. Leo ni 4,000. Chama kimesajiliwa, kina katiba ya kurasa 9, kamati ya watu 7 na mkutano mkuu kila Februari.

Ya kila siku sina mengi. Sehemu kubwa ya pesa huenda kwa askari, wawili mchana na watatu usiku, watu wa adabu wanaowajua watoto wetu kwa majina. Taka huchukuliwa Jumanne na Ijumaa, na gari lisipokuja kamati hukodi jingine kesho yake. Taa za njiani ni za sola tangu 2020. Bustani ni ya wastani. Matuta yamezidi: nimehesabu 9 katika njia ya mita 400, na mama mkwe wangu mwenye maradhi ya mgongo akipita na tuktuk huomba ateremke langoni atembee.

Kwa kazi za ujenzi kamati yetu iko makini kuliko nilivyotarajia. Agosti 2023 tulichanga 15,000 kila nyumba tuweke kabro, matofali ya kutandika njiani, kuanzia langoni hadi kwenye mbuyu. Novemba ile Mombasa ikafurika, wengi mnakumbuka, na kabro ikatitia karibu na lango. Fundi alirudi Januari akafukua, akashindilia upya na kuipanga tena bila kulipwa senti, kwa sababu mkataba ulikuwa umezuia asilimia 10 ya malipo yake kwa miezi 6. Nimekaa mitaa mingine miwili kabla ya huu, na kote huko fundi akishalipwa namba yake ya simu haipatikani tena.

Lakini mafuriko yenyewe yalionyesha kasoro. Mtaro wa nyuma ulikuwa ukizibuliwa mara moja tu kwa mwaka, Machi, kabla ya mvua ya masika. Vuli hakuna aliyeifikiria. Maji yakaingia nyumba nne za upande wa chini. Jirani yangu mmoja alipoteza godoro, friji na vyeti vya shule vya watoto wake. Kamati ilikiri kosa mkutanoni, ikaandikwa, na tangu 2024 mtaro unazibuliwa Machi na Septemba. Nimeenda kuangalia mwenyewe mara zote.

Hesabu za pesa siku hizi ziko wazi. Zamani hazikuwa hivyo: mwaka 2017 shilingi 87,000 zilikosa maelezo, na daftari la mweka hazina wa wakati huo lilikuwa na kurasa zilizochanwa. Baada ya hapo malipo yote yalihamishiwa kwenye Paybill ya M-Pesa, pesa haitoki benki bila sahihi mbili, na taarifa ya kila mwezi hubandikwa langoni. Wakilipa wote tunapata 192,000 kwa mwezi. Kwa kawaida hulipa nyumba 40 au 41.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya nilipe ada bila kinyongo, ambalo ndugu zangu hawakuliuliza.

Mimi ni mtu wa maabara. Maji ndiyo kazi yangu. Na maji ndiyo shida ya Nyali. Ya bomba yanatoka mbali, Baricho, kwenye visima vya kando ya Mto Sabaki, na hayaji kila siku, kwa hiyo nyumba nyingi zina kisima. Wakati huo huo upande wetu hauna bomba la majitaka. Kila nyumba ina shimo lake. Chini yetu ni mwamba wa matumbawe, jiwe lenye vitundu, na maji yakiingia humo hayakai mahali pamoja. Shimo la jirani na kisima chako ni majirani wa karibu kuliko wewe na yeye.

Mwaka 2016 niliiomba kamati ilipie upimaji wa visima sita, mara mbili kwa mwaka. Wengine waliguna. Aliyekuwa ameingia ukatibu mwaka ule, mama mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye masijala ya kampuni ya meli, alisema tu, "Bibi, wewe lete karatasi, mimi nitaziweka." Tangu siku hiyo nachukua maji kwenye chupa zilizotakaswa kwa mvuke, nayapeleka na barafu ndani ya muda wa saa sita tangu kuyachota, na majibu yanaingia kwenye faili lake la buluu. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na hata kimelea kimoja cha E. coli, kijidudu cha kinyesi, katika mililita 100. Mwaka 2018, baada ya nyumba za kupangisha za ghorofa nne kujengwa magharibi mwetu, kisima cha nyumba ya mwisho upande ule kilitoa vimelea 60. Wenyewe walikuwa wakisukutulia maji hayo. Kikafungwa wiki ile ile.

Kwenye faili hilo hilo kuna risiti ya kila gari la kunyonya mashimo, picha za mtaro kabla na baada ya mvua, na muhtasari wa kila mkutano.

Machi 2022, alasiri ya Ijumaa, askari wetu wa mchana alikuwa akitafuta kivuli nje ya ukuta akaona kibao kimefunikwa na bogenvilia kwenye kiwanja cha jirani. Akapiga picha na simu yake, akaileta. Lilikuwa tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi: palipokuwa na nyumba moja na bustani, waliomba kujenga ghorofa 14, nyumba 84. Tangazo lilikuwa limebakiza siku tano za kupokea pingamizi. Askari yule si mwanachama, hana kura, na hakuna kifungu cha mkataba wake kinachomtaka asome vibao vya watu. Kamati ilimpa barua ya shukrani na mshahara wa nusu mwezi, nami nasema alistahili zaidi.

Jumamosi usiku tulikutana chini ya mbuyu. Haukuwa mkutano mzuri mwanzoni. Kuna waliosema hawataki maghorofa kabisa, na kuna waliosema maneno kuhusu wapangaji wa fleti ambayo sitayarudia. Mzee wa nyumba namba 3, nahodha mstaafu, akaomba nafasi. Alitukumbusha kwamba Nyali yote tunayoiita yetu ilikuwa mashamba ya mkonge, na iliuzwa viwanja na kampuni iliyokuwa na daraja lake la kuelea, kabla ya hili la sasa la 1980. Kampuni hiyo iliwahi kudai ushuru hata kwa magari ya jeshi, serikali ikagoma, na mwaka 1955 mahakama ya rufani ya London ikaipa kampuni ushindi. Mawakili wanaisoma kesi hiyo hadi leo. "Sisi sote tumeletwa hapa na mwekezaji," akasema. "Tumwandikie huyu yale yanayotuumiza, si yale tusiyoyapenda."

Ndivyo barua ilivyoandikwa. Kurasa mbili. Hatukuzungumzia hadhi ya mtaa wala thamani ya nyumba zetu. Tuliweka hesabu: nyumba 84, watu 4 kila nyumba, lita 100 kila mtu, ni lita 33,600 za majitaka kwa siku. Gari la kunyonya la lita 10,000 lingehitajika zaidi ya mara tatu kila siku, la sivyo yote yanaingia kwenye mwamba. Tukaambatisha majibu ya maabara ya miaka sita, pamoja na yale ya 2018. Tukataja Kifungu cha 42 cha Katiba, haki ya mazingira safi. Tukaomba mambo matatu: mtambo wa kusafisha majitaka ndani ya kiwanja, magari yaingilie barabara kubwa badala ya njia yetu ya mita 6, na kuta zetu zikaguliwe na kupigwa picha kabla ya kuchimba msingi.

Katibu aliipeleka kaunti Jumatatu asubuhi, nakala tatu, zote zikapigwa muhuri wa kupokelewa. Kisha akaandika makataa mawili kwenye kalenda ya langoni ili kila mtu ayaone. Chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, asiyeridhika na uamuzi wa kaunti ana siku 14 tu za kukata rufani kwenye kamati ya upatanishi ya mipango. Leseni ya mazingira ikitolewa, kuna siku 60 za kwenda kwenye baraza la kitaifa la rufani za mazingira (National Environment Tribunal). Nawaambia kwa herufi nzito moyoni: mitaa mingi ina hoja nzuri kuliko zetu, ila wanazikumbuka siku ya 15.

Hatukuhitaji rufani. Mwekezaji alituita tukae naye, akaja na msanifu wake, na yule msanifu aliziomba karatasi za visima akazisoma moja moja kwa nusu saa bila kusema neno. Jengo likashuka hadi ghorofa 12. Mtambo wa kusafisha majitaka ukaingia kwenye ramani na kuwa sharti la kibali. Lango likahamia barabara kubwa. Kuta zilipigwa picha, na nyumba mbili zilizopata nyufa wakati wa kuchimba zilirekebishwa bila mabishano, kwa kuwa picha zilikuwepo.

Hatukupata kila kitu. Kuanzia saa tisa alasiri ua wangu hauoni jua, na mashuka siku hizi hayakauki mapema msimu wa kusi. Wa ghorofa za juu wanatazama ndani kwetu wakipenda. Miaka miwili tulimeza vumbi. Lakini jengo lilipata watu mwanzoni mwa mwaka huu, na sampuli za Agosti kutoka visima vyote vilivyo wazi zimetoka safi. Nimezipima kwa mikono yangu.

Nisiwafiche la upande wa pili, kwa maana linaniuma.

Katiba ya chama inasema kura ni ya mwenye hati. Nyumba 21 kati ya 48 wanakaa wapangaji. Ada yao imo ndani ya kodi wanayolipa, lakini mkutanoni hukaa viti vya nyuma na hawaulizwi. Mbaya zaidi ni kanuni ya 2021: nyumba yenye deni la miezi mitatu, bauza, yaani lori la tangi la maji, haliruhusiwi kuingia. Ramadhani iliyopita, maji ya bomba yalikuwa hayajatoka siku ya nane, bauza la mpangaji mmoja lilirudishwa langoni yapata saa moja kabla ya futari. Ni mwalimu, ana watoto watatu na mama yake mgonjwa wa sukari. Kodi alikuwa amelipa yote. Mwenye nyumba anaishi Doha, ndiye ambaye hakuwa ametuma ada kwa miezi mitano. Nilivuta mpira kutoka tangi langu hadi kwake, tukajaza ndoo na mapipa huku adhana inaadhiniwa. Alinishukuru mpaka nikaona haya, kwa sababu kanuni ile ilipopitishwa nami nilinyoosha mkono. Nilidhani itawabana wenye nyumba.

Nimemwandikia mwenyekiti mara mbili. Jibu lake ni kwamba bila kanuni hiyo makusanyo yatashuka hadi nyumba 30. Huenda makusanyo yakashuka kweli. Kuna njia nyingine za kumdai mtu aliye Doha: chama kina hati, kina anwani, kina haki ya kwenda mahakama ya madai madogo. Maji ya mgonjwa wa sukari hayahusiani na deni lake.

Kwa hiyo nyota nne kati ya tano. Dada yangu, kama unanunua, nunua. Kabla hujalipa, mwombe katibu akuonyeshe faili la buluu, na uangalie majibu ya kisima cha nyumba unayoitaka. Kaka yangu, wewe unayepanga, dai kwanza risiti za ada za miezi sita kutoka kwa mwenye nyumba, na uziandike kwenye mkataba.

Hoja ya kufuta kanuni ya bauza na kuwapa wapangaji kura nimeiandika tayari kwa ajili ya mkutano wa Februari. Katiba inataka sahihi 10 za wenye hati. Ninazo 7, na kesho baada ya alasiri nakwenda nyumba namba 3.