Nyuzi 12–53 za gitaa la akustiki: zinavumilia tyuni zipi?

Seti ya 12–53 (unene wa uzi mwembamba kabisa na mnene kabisa, kwa elfu za inchi) ya fosfa bronzi, hii inayopatikana kwenye maduka ya vyombo vya muziki mjini Mwanza, imepimwa kwa tyuni ya kawaida, E A D G B E, kuanzia uzi wa sita, ule mnene, hadi wa kwanza. Humo haina lawama. Mambo huanza ukishusha.

Kushusha uzi wa sita peke yake kutoka E hadi D, seti inakubali. Mvutano wa uzi huo unapungua kama moja ya tano, besi inakuwa nzito, na kwaya ikiimba katika D gitaa linapata pa kusimama. Ila besi ya kodi (chord) ya G imehama: iko freti (kipande cha chuma shingoni) ya tano, si ya tatu. Hapo ndipo wengi huharibu.

Tyuni ya DADGAD, yaani D A D G A D, inaitoa jasho. Uzi wa sita, wa pili na wa kwanza vinalegea pamoja, shingo inanyooka kidogo, na zile tatu ambazo hukuzigusa zinapanda sauti. Zungukia zote mara mbili, na kila uzi ushushe kupita sauti unayoitaka, kisha upandishe taratibu. Ukichapa kwa nguvu, wa sita utagonga freti, krrr. Weka 56 badala ya 53. Inarudisha karibu nusu ya mvutano uliopotea. Lakini mfereji wa kule kichwani, unamopita uzi, utaubana: unakaza, kimya, halafu "tik", sauti imeruka. Sugua risasi ya penseli mferejini. Ukizidi kugoma, nenda kwa fundi mwenye tupa nyembamba. Kisu usikiguse, ukichimba mno, uzi utakwaruza hata bila kubonyezwa.

Utamu hasa uko juu. Wapiga rumba wa Kongo hutoa uzi wa nne, wakaweka mwembamba uliopandishwa oktava moja: mi-composé. Uzi wa 12 unafika hapo bila kukatika, maana D hiyo bado iko chini ya E ya uzi wa kwanza. Mfereji tu ndio mpana kwake, unacheza. Kunja karatasi ndogo uitie chini yake.

Kero: seti ina 12 moja tu, na uzi mmojammoja ni nadra kuuziwa, kwa hiyo mi-composé inakula seti mbili. Na kabla ya kulipa, tazama uzi wa kwanza na wa pili mwangani. Hizo ni chuma kitupu, na unyevu wa ziwani huanza nazo. Ukiona doa la kahawia, omba pakiti nyingine.