Eto'o au Drogba: Kijana wa Tanga Amtazame Nani?

Mechi inapomalizika Mkwakwani hapa Tanga, ubishi huu hurudi barazani: kijana anayetaka kuwa mshambuliaji amtazame Samuel Eto'o au Didier Drogba? Kwa hesabu ya mabao ya timu ya taifa, Drogba yuko mbele, kwani aliifungia Ivory Coast mabao 65 katika mechi 105, ilhali Eto'o aliifungia Kamerun 56 katika mechi 118.

Hata hivyo mimi namchagua Eto'o, na sababu yangu ni Kombe la Mataifa ya Afrika, ambako alifunga mabao 18, rekodi ya mashindano hayo, akalitwaa kombe mwaka 2000 na 2002, na katikati akapata dhahabu ya Olimpiki ya Sydney. Drogba alicheza fainali za 2006 na 2012, na timu yake ikazipoteza zote kwa mikwaju ya penalti. Ile ya pili bado inaniuma, kwa sababu kabla ya mikwaju hiyo alikuwa amepaisha penalti juu ya mtambaa wa panya.

Kwa klabu, Drogba ana usiku wa Munich wa 2012, aliposawazisha kwa kichwa dakika ya 88 kisha akaipa Chelsea ubingwa wa Ulaya kwa penalti ya mwisho. Eto'o ana mataji matatu ya aina hiyo, mawili akiwa Barcelona na moja akiwa Inter mwaka 2010, msimu ambao mfungaji huyu hodari alikubali kucheza pembeni na kurudi kukaba kama beki.