Hamamu ya Kidichi: shukeni garini mtazame lipu

Wageni wengi hufika kwenye hamamu ya Kidichi, nyumba ya kuogea ya zamani kisiwani Unguja, na gari la ziara ya viungo. Wameshanusa mdalasini, wameshavishwa kofia za makuti, na hapa hushushwa dakika chache wapige picha. Nilipowaleta shemeji zangu kutoka Dodoma ilikuwa hivyo hivyo: hatujamaliza chumba cha pili, dereva anapiga honi. Kampuni siitaji. Ila nyie chukueni teksi, mje kwa nafasi yenu.

Mimi ni fundi wa chokaa, nakarabati nyumba za Mji Mkongwe, kwa hiyo kwangu ukuta kwanza, historia baadaye. Historia yenyewe ni kwamba Seyyid Said bin Sultan, sultani wa Oman na Zanzibar, aliijenga hamamu hii mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Shehrzad, mjukuu wa Shah (mfalme) wa Uajemi, bibi aliyependa kupanda farasi na kuwinda. Nyumba yao ya shamba hapa ilikuwa ya mbao, ilishapotea zamani. Hamamu imebaki kwa kuwa ni mawe na chokaa.

Ndani, inueni macho. Lipu imejaa nakshi: mitende, maua, na tausi. Tausi kwenye jengo la mtawala wa Kiibadhi, madhehebu ya Kiislamu ya Waomani! Waomani wa hapa hawakuwa na desturi ya kuweka viumbe ukutani. Nyumba zao za mjini kuta ni nyeupe, urembo wameupeleka mlangoni. Hii ni kazi ya Kiajemi, na kwa fundi ni kazi ya kutia jasho. Nakshi ya namna hii huchongwa chokaa ikiwa bado mbichi. Ikishakauka, patasi haikati tena, inamegua. Huna muda wa kuwaza tausi akae wapi.

Kuba nalo lina vitundu vya duara ambavyo zamani vilitiwa vioo vya rangi, mwanga ukashuka juu ya lipu nyeupe. Vioo havipo, na weupe umepungua sana: unyevu umeingia, kuvu imeweusisha ukuta. Hilo ndilo linaloniuma. Chokaa inapumua. Ukiziba ufa wake kwa saruji, maji yanakosa pa kutokea, na lipu itabanduka pamoja na nakshi yake. Jengo hili linataka chokaa juu ya chokaa, tena kila baada ya masika.

Kizimbani, si mbali na hapo, kuna hamamu nyingine ya Seyyid Said, ila haina nakshi, mie ningeipita. Maruhubi, kasri la mwanawe Seyyid Barghash la mwaka 1882, liliungua 1899. Manguzo yake yanapendeza, lakini huoni tena watu waliishije ndani. Kidichi paa lipo juu yako, mpango wa vyumba unausoma mwenyewe.

Nyota nne kati ya tano. Bebeni tochi, muimulike ukutani kwa ubavu, si usoni: hapo ndipo mkato wa patasi unapoonekana.