Kipyenga cha Fox 40: tathmini ya winga wa zamani ambaye sasa ni mwamuzi

Kwa misimu miwili nimechezesha mechi za mitaa hapa Mombasa nikitumia kipyenga kimoja tu, Fox 40 Classic cheusi, nami nakipendekeza kwa kila mwamuzi anayeanza, hasa yule aliyeingia katika kazi hii kama nilivyoingia mimi, yaani baada ya kuumia.

Nilikuwa winga wa kulia. Mechi iliyonimaliza ilichezwa katika mvua ya masika, kwenye uwanja uliogeuka tope. Beki alinivuta jezi, mwamuzi akaliona kosa, akapuliza kipyenga chake cha aina ya zamani chenye kigololi ndani, lakini kigololi kilikuwa kimelowa na kunata, ikatoka pumzi tupu. Hakuna aliyesimama, kwa kuwa mchezaji hufundishwa tangu utotoni kuendelea mpaka asikie filimbi. Hatua nne mbele mguu wangu ulizama topeni huku beki wa pili akinijia kwa kasi, goti likageuka upande, na kano ya mbele ikakatika. Simlaumu mwamuzi yule, kwani alifanya lililompasa. Nilipopona kiasi cha kukimbia, ingawa si kiasi cha kupiga chenga tena, nilijiandikisha kwa mafunzo ya uamuzi, na kabla ya kadi wala sare nilitafuta kwanza kipyenga kisichoziba.

Fox 40 kilizaliwa kutokana na mkasa kama ule. Ron Foxcroft, mwamuzi wa mpira wa kikapu kutoka Kanada, alikuwa akichezesha mechi nchini Brazil mwaka 1984 pale kipyenga chake kilipokataa kulia, na kufikia mwaka 1987 alikuwa ametoa chake kisicho na kigololi. Ndani hamna chochote kinachocheza. Pumzi hugawanyika katika vyumba vitatu, kila chumba kikatoa sauti iliyotofautiana kidogo na ya chenzake, na sauti hizo zikikutana ndipo unapoupata ule mlio mkali unaotetema. Nilipokinunua nilikitumbukiza ndani ya ndoo ya maji, nikakitoa na kukipuliza papo hapo: kililia sawasawa, matone yakanirukia usoni.

Mtengenezaji hutaja nguvu ya desibeli 115, nami sina sababu ya kubisha. Pale uwanja wa Serani, kusi likivuma, winga aliye upande wa mbali hugeuka kwa pumzi fupi tu. Nguvu hiyo inataka adabu, kwa hiyo ukiwa karibu na mchezaji geuza uso kwanza, usimpulizie sikioni. Tena sheria za mchezo zenyewe zinatahadharisha kwamba filimbi inayopulizwa ovyo hupoteza uzito pale inapohitajika. Mpira uliotoka wazi kwa kurushwa hauhitaji kupulizwa. Katika viwanja vyetu vya wazi, ambako mechi mbili huweza kuchezwa bega kwa bega, jambo hili lina maana kubwa, maana mlio wa jirani unaweza kuwasimamisha wachezaji wako.

Dosari niliyoiona ni kwamba plastiki yake ni ngumu kwenye meno, na anayependa kukiuma akikimbia afadhali achukue aina yenye mpira laini mdomoni. Mimi hukishika mkononi, kwa sababu ule muda mdogo wa kukipeleka mdomoni hunipa nafasi ya kuona kama aliyechezewa vibaya atafaidika mchezo ukiendelea. Mchezaji wa zamani ana wepesi wa kuhisi faida hiyo, na vilevile ana haraka ya kupuliza kwa uchungu wa goti lake. Mkono umenisaidia kuituliza haraka hiyo.

Bei niliyolipa ni shilingi 1,200. Kabla yake, duka moja la mjini liliniuzia cha shilingi 250 likinihakikishia kuwa ni halisi, lakini mshono wake uliachana baada ya mechi tatu. Kabla ya kulipa, pitisha kidole kwenye mshono, uangalie kama jina limechongwa katika plastiki yenyewe, kisha uombe kukipuliza. Muuzaji akikataa, ondoka.

Jumamosi iliyopita mvua ilitukuta kipindi cha pili. Kijana wa pembeni alivutwa jezi, mpira ukamponyoka, nikapuliza mara moja. Wote ishirini na wawili walisimama, pamoja na beki wa kati aliyekwisha kuanza kuteleza kumwelekea na ambaye aliivuta miguu yake kando. Kijana alijipangusa tope magotini, akauweka mpira mahali nilipomwonyesha, akasubiri nipulize tena.